CA-125 au HE4: mgonjwa wa Wote alipie kipimo gani?

Mwanamke anayetibiwa saratani ya ovari hutajiwa vipimo viwili vya damu: CA-125 na HE4. Vyote hupima protini ambazo uvimbe humwaga kwenye damu. Kwa anayeishi mji wa Wote, Makueni, gharama ni bei ya maabara pamoja na nauli ya Machakos au Nairobi. Kwa hiyo, kabla ya kutoa pesa, muulize daktari: jibu likija, matibabu yatabadilika vipi?

CA-125. Hiki ndicho cha zamani na ndicho rahisi kupatikana. Kiwango cha kawaida ni chini ya uniti 35 kwa mililita. Kasoro yake ni kwamba hupanda hata kwa faibroidi, endometriosisi, ujauzito na kifua kikuu cha tumboni.

HE4. Hii haiyumbishwi sana na endometriosisi, ila hupanda figo zikidhoofika. Marekani iliidhinisha mwaka 2008 itumike kufuatilia ugonjwa. Inafaa hasa kwa mgonjwa ambaye CA-125 yake haikuwa juu tangu mwanzo.

OVA1. Hiki ni kipimo kingine cha damu unachoweza kutajiwa. Hupima protini kadhaa kwa pamoja, lakini kazi yake ni kusaidia kukadiria kabla ya upasuaji kama uvimbe ni saratani. Usikilipie ukitafuta kujua kama uvimbe umekuwa sugu kwa dawa.

Je, kemo (tibakemikali) inafanya kazi? Hapa CA-125 ya kawaida ina faida kubwa. Daktari akiwa na majibu yasiyopungua matatu ya CA-125 ndani ya siku 100 za kwanza za kemo, anaweza kukokotoa KELIM, yaani kasi ya protini hiyo kushuka. Kikokotoo kiko mtandaoni bila malipo. Ikishuka polepole, huenda uvimbe hauisikii dawa vizuri.

Baada ya kemo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba kuanza dawa mapema kwa sababu tu CA-125 imepanda, kabla ya dalili, hakukurefusha maisha. Mgonjwa asiye na dalili anaweza kukubaliana na daktari asipimwe kila mara. Tumbo likivimba au likiuma, asisubiri tarehe ya kliniki.

Pa kupunguza gharama. Uliza kama damu inaweza kutolewa Wote na chupa ikatumwa Nairobi. Pima maabara ileile kila mara, kwani mashine tofauti hutoa namba tofauti. Kwenye karatasi ya majibu angalia tarehe, uniti na kiwango cha kawaida, kisha uihifadhi. Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilipoanza Oktoba 2024, saratani ilitengewa shilingi 550,000 kwa kaya kwa mwaka. Hakikisha salio lako na kama maabara hiyo inalipwa na SHA.

Uamuzi wetu: pesa zikiwa chache, CA-125 tatu za maabara moja wakati wa kemo zina thamani zaidi kuliko kipimo cha bei ghali kilichofanywa mara moja. HE4 iongezwe daktari akieleza sababu.