Klachi ngumu: Kabla ya kushusha giaboksi, kagua waya

MADEREVA wa daladala jijini Mwanza huijua dalili hiyo kabla ya saa sita mchana. Safari ya kutoka Igoma kupitia Buzuruga na Mabatini hadi katikati ya jiji ina vituo vingi, na katika kila kituo mguu wa kushoto hukanyaga klachi zaidi ya mara moja. Pedali inapokuwa ngumu, goti ndilo la kwanza kulalamika. La pili ni gari lenyewe.

Kinacholifanya tatizo hili lidumu ni utaratibu wa biashara. Anayeihisi pedali ni dereva, na mara nyingine ni deiwaka aliyeshika usukani kwa siku moja tu. Anayelipia matengenezo ni mmiliki, ambaye hupokea hesabu jioni na huenda hajaliendesha gari hilo kwa miezi kadhaa. Deiwaka hana sababu ya kulisimamisha gari ili likaguliwe, kwani siku isiyo na abiria ni siku isiyo na hesabu. Matokeo yake, ubovu ambao ungemalizwa kwa waya mpya huachwa hadi gari likatae kuingia gia mlimani, pengine katika mwinuko wa kuelekea Hospitali ya Bugando, likiwa na abiria ndani na magari mengine nyuma yake.

Klachi ni kiungo kati ya injini na giaboksi. Sahani ya klachi hubanwa kati ya flaiwili, yaani gurudumu zito lililofungwa nyuma ya injini, na presha pleti yenye springi kali. Dereva anapokanyaga pedali, nguvu ya mguu hupitia kwenye waya wa chuma, au kwenye mafuta yaliyo ndani ya bomba, hadi kwenye uma unaosukuma beringi. Beringi hiyo huikandamiza springi ili sahani iachiwe. Ugumu unaweza kuanzia popote katika njia hiyo, na ndiyo maana fundi anayetangaza kwamba klachi nzima imekufa kabla hajafungua boneti anastahili kuulizwa amejuaje.

Ukaguzi huanzia sakafuni. Kapeti iliyojikunja chini ya pedali, au pini ya pedali iliyokauka grisi na kushika kutu, humhangaisha dereva bila klachi kuwa na kosa lolote. Pini iliyokauka kwa kawaida hulia pedali inapokanyagwa.

Kwa magari yanayotumia waya, kipimo ni rahisi. Fundi huuchomoa waya upande wa giaboksi, kisha hukanyaga pedali kwa mkono. Ikiendelea kuwa nzito, ubovu uko kwenye waya au kwenye pedali. Ikiwa nyepesi na waya ukateleza vizuri, ubovu uko ndani, kwenye uma, beringi au presha pleti. Ni kazi ya muda mfupi inayoweza kuokoa gharama ya kushusha giaboksi.

Waya huharibikia ndani, mahali pasipoonekana. Nyuzi zake hukatika mmoja mmoja na kukwaruza ala, au ala yenyewe huyeyuka kwa kupita karibu na bomba la moshi. Mazoea ya kumimina oili ya injini humo si dawa ya kila gari, kwa kuwa nyaya nyingi zina ala laini ya plastiki isiyohitaji mafuta, na oili hukusanya vumbi hadi likawa tope. Nyuzi zikishaanza kukatika, waya hubadilishwa tu. Ule mpya hauna budi kupita njia ileile ya zamani bila kukunjwa kona kali, vinginevyo ugumu hurudi siku hiyohiyo.

Magari yanayotumia mafuta yana silinda mbili, moja karibu na pedali na nyingine kwenye giaboksi. Hapa kosa kubwa huwa la mwenye kumimina. Mfumo huu kwa kawaida hutumia mafuta ya breki, DOT 3 au DOT 4 kama mtengenezaji alivyoelekeza. Mtu akiongeza oili ya injini au mafuta ya usukani kwa sababu tu ndiyo yaliyokuwa karibu, raba za ndani huvimba, pistoni hukwama, na pedali huwa ngumu au hubaki chini. Katika baadhi ya magari chupa ya mafuta hayo ndiyo hiyohiyo ya breki, hivyo kosa haliishii kwenye klachi. Mafuta ya breki pia hunyonya unyevu wa hewa, na yakikaa miaka mingi silinda hushika kutu. Kwa magari mengi hushauriwa yabadilishwe kila baada ya miaka 2 hivi.

Ugumu unaoongezeka taratibu mwezi hadi mwezi mara nyingi ni wa sahani iliyoisha. Sahani inapokonda, vidole vya springi ya presha pleti hubadili mkao na kudai nguvu zaidi. Hapo ndipo giaboksi hushushwa kwa haki. Kwa kuwa gharama kubwa ni ya kushusha na kupandisha, ni afadhali sahani, presha pleti na beringi vibadilishwe kwa pamoja, na flaiwili ikaguliwe. Grisi ya uma na beringi iwe kidogo, kwa sababu ikizidi hurukia sahani na klachi huanza kuteleza: injini hunguruma, gari haliendi.

Malori makubwa yana jambo lake. Mengi husaidiwa na upepo katika kusukuma klachi, hivyo pedali ikiwa ngumu ghafla, mvujo wa upepo utafutwe kwanza.

Foleni ndefu za kivuko cha Kigongo na Busisi, zilizowalazimu madereva kusogeza magari hatua kwa hatua, zilikwisha baada ya daraja la kilomita 3 kuzinduliwa Juni 2025. Mazoea ya kulishikilia gari mlimani kwa klachi badala ya breki ya mkono bado yapo, na humaliza sahani haraka. Dereva aliyezoea pedali ngumu ajue pia kwamba baada ya matengenezo gari litamzimikia mara moja mbili, kwa sababu mguu wake bado unakanyaga na kuachia kwa nguvu ya zamani.