Mwale Usioonekana Mlangoni

Katika vitongoji vya miji ya Marekani, nyumba nyingi hujengwa pamoja na banda la gari, na mlango wa banda hilo hupanda na kushuka kwa nguvu ya mota ya umeme. Dereva akaribiapo nyumbani hubonyeza kitufe cha rimoti. Mlango hupanda ukalala chini ya dari, gari huingia, kisha mlango hushuka tena. Waingereza na Wamarekani huliita banda hilo gereji, jina ambalo katika Afrika ya Mashariki limechukuliwa zaidi na mafundi wa magari. Makala haya yahusu banda la nyumbani, na hasa kifaa kidogo kilichofungwa karibu na sakafu, pande zote mbili za mlango, ambacho wenye nyumba wengi hawakitazami mpaka siku kinapogoma.

Mlango mpana wa kupitisha magari mawili huweza kuwa na uzito unaozidi kilo 100. Uzito huo haubebwi na mota, bali na springi nene za chuma zilizokazwa juu ya mlango au kando yake; mlango uliosawazishwa vizuri huweza kuinuliwa kwa mkono mmoja. Kwa sababu hiyo wako wanaodhani kwamba hauwezi kumdhuru mtu. Hilo ni kosa. Mota husukuma mlango kuelekea chini, nayo haijui kama inausukuma kwenye sakafu au kwenye kifua cha mtoto.

Mashine ya umeme ya kufungulia milango hiyo ilibuniwa na Mmarekani C. G. Johnson mwaka 1926, lakini ilienea katika nyumba za kawaida baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Pamoja na kuenea kwake zilikuja ajali. Tume ya Marekani ya Usalama wa Bidhaa za Walaji iliripoti kwamba watoto wapatao 60, wenye umri kati ya miaka 2 na 14, walikufa kwa kubanwa na milango hiyo tangu mwezi Machi 1982. Jambo la kusikitisha ni kwamba mashine nyingi za miaka hiyo zilikuwa tayari na kinga: mlango ukigusa kitu ulitakiwa ugeuke na kupanda. Lakini kinga hiyo hungoja mguso, na mahali ambapo marekebisho yameharibika hungoja mguso mzito mno. Bunge la Marekani lilipitisha sheria mwaka 1990, na kila mashine ya nyumbani iliyotengenezwa kuanzia tarehe 1 Januari 1993 ililazimika kuwa na kinga ya pili. Watengenezaji walio wengi walichagua mwale wa nuru.

Upande mmoja wa mlango kuna kitoa miali, na upande wa pili kuna kipokezi. Vyote viwili hufungwa kwa kimo kisichozidi sentimita 15 kutoka sakafuni, maana anayelindwa kwanza ni mtoto atambaaye au aliyelala. Ndani ya kitoa miali mna diodi itoayo miali ya infraredi, ile miali ambayo William Herschel aliigundua mwaka 1800 alipoweka kipimajoto nje kidogo ya ukingo mwekundu wa rangi za jua. Diodi nyingi za kazi hii hutoa miali yenye urefu wa wimbi wa nanomita 940 hivi, nayo jicho la mwanadamu haliioni.

Je, kipokezi chaionaje? Nuru hufika kwa mafungu madogo ya nishati yaitwayo fotoni. Wazo hilo Einstein alilieleza mwaka 1905. Mwanafunzi aweza kuipata nishati ya fotoni moja, kwa elektronivolti, akigawanya 1240 kwa urefu wa wimbi uliopimwa kwa nanomita. Kwa nanomita 940 jibu ni 1.32. Sasa, katika silikoni, ambayo ni nusukipitishi, elektroni huhitaji elektronivolti 1.12 hivi ili ifunguke kutoka kwenye kifungo chake na kuwa huru kusafiri. Kwa hiyo kila fotoni ya miali hiyo ina nishati ya kutosha, na ziada kidogo. Elektroni zilizofunguliwa hufanya mkondo mdogo wa umeme katika kipokezi. Mguu ukikata mwale, mkondo huo hukoma mara moja.

Hapa ndipo ilipo busara ya mpango mzima. Mwenye kubuni angeweza kufanya kinyume: kifaa kikae kimya siku zote, kisha kipige mbiu kitu kionekanapo. Lakini waya wa kifaa cha namna hiyo ukikatwa na panya, kitanyamaza milele, na kimya chake kitadhaniwa kuwa usalama. Kwa mwale, mambo ni kinyume. Mota hukubali kushusha mlango maadamu tu inaendelea kupata habari kwamba nuru inafika. Lenzi ikichafuka, waya ukikatika, diodi ikifa au bano likilegea, habari hukoma, na mashine hufanya kama vile mtoto amesimama mlangoni: mlango ukiwa unashuka hugeuka, na ukiwa juu hukataa kushuka kwa rimoti. Mwenye nyumba hukasirika kwamba kifaa kimeharibika. Kwa hakika kimeharibika kwa upande ulio salama.

Hasira hiyo imezaa ujanja wa hatari. Wako watu wanaoving'oa vifaa hivyo viwili, wakavifunga vikitazamana kule juu darini, umbali wa shibiri moja. Taa huwaka vizuri, mlango hushuka bila kusita, na mahali pa kupita watoto hapana mlinzi tena.

Mwale nao una upungufu wake, kwani ni mstari mmoja tu. Gari likisimama magurudumu ya mbele yakiwa ndani na ya nyuma yakiwa nje, mwale waweza kupita chini ya tumbo lake bila kukatwa, na mlango ukashuka juu ya boneti. Kwa ajili hiyo kinga ya mguso haikuondolewa. Kila moja hufunika udhaifu wa mwenziwe.

Adui mwingine ni jua, ambalo lina infraredi tele. Ili kutenganisha nuru yake na nuru ya jua, kitoa miali huwaka na kuzimika upesi sana kwa mpigo maalumu, na kipokezi husikiliza mpigo huo tu. Hata hivyo jua la jioni likimulika lenzi kwa ukali, kipokezi hujaa kama sikio lililo karibu na ngoma, na mpigo hausikiki. Katika Marekani, kwa mlango unaoelekea magharibi, dawa ni rahisi: jua la majira ya baridi hutua kusini-magharibi, basi kipokezi huhamishiwa upande wa kusini ili kitazame kaskazini. Dawa hiyo haitoshi Dar es Salaam wala Nairobi, ambako mageti ya kuteleza yenye vifaa vya namna hii yako katika majumba na maofisi mengi. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Septemba jua hutua kaskazini ya magharibi, na miezi iliyobaki hutua kusini yake. Upande ulio na kivuli mwezi Juni hauna kivuli mwezi Desemba. Kinachofaa ni kibomba kifupi cheusi kuizunguka lenzi, kiwe kama ukingo wa kofia.

Utunzaji wenyewe hauhitaji ufundi mkubwa. Lenzi ifutwe kwa kitambaa laini kikavu, na utando wa buibui uondolewe, maana kitoto cha buibui chaweza kuzuia mlango wa kilo mia. Taa ndogo ya kipokezi itazamwe: katika mashine nyingi, ikitulia ni dalili ya nuru kufika, na ikipepesa ni dalili kwamba vifaa havitazamani sawasawa. Kuachana huko huja kidogo kidogo kwa mtikisiko wa mlango. Katika mlango wenye upana wa mita 4.9, kosa la digrii moja tu huupeleka kati ya mwale umbali wa sentimita 8.5 kutoka kipokezi. Mwale hutanuka njiani, hivyo huvumilia kosa dogo, lakini si lolote.

Kila mwezi majaribio mawili yafanywe, watoto wakiwa mbali. La kwanza, mlango ukiwa unashuka, boksi lipitishwe mbele ya mwale kwa kusukumwa na kijiti kirefu. Mlango ugeuke na kupanda hadi juu. La pili, ubao wenye unene wa sentimita 4 ulazwe sakafuni katikati ya mlango. Mlango ukiugusa, ugeuke mnamo sekunde mbili. Usipogeuka, rimoti iwekwe kando na mlango uendeshwe kwa mkono mpaka fundi aje.

Springi peke yake zisiguswe na mwenye nyumba. Zimehifadhi nishati ya kuinua mlango mzima, na bisibisi iliyoteleza huiachilia yote mara moja.