Dawa ya Tezi na Wiki Zake za Kwanza

Yako maradhi yasiyomwangusha mtu kitandani, bali humpunguza kidogo kidogo mpaka jamaa zake wamwite mvivu. Mama aliyekuwa akiamka kabla ya tarumbeta ya kambi sasa huinuka jua limepanda. Hujitanda blanketi mchana, wenziwe wakitoka jasho. Kope zimemvimba, sauti imekuwa nzito, hufunga choo siku nyingi, na unene unamzidi ingawa chakula hakimwingii. Mumewe arudipo kutoka zamu hunung'unika kwamba mke wake amebadilika. Kabla ya kumlaumu, ampeleke apimwe damu, kwani huenda ni tezi ya thairoidi.

Tezi hiyo imekaa mbele ya shingo, chini ya kongomeo. Kazi yake ni kutoa homoni ziuongozao mwili katika kutumia chakula na kutoa joto. Zikipungua, kila kiungo hupunguza mwendo: moyo, matumbo, hata fikra. Wengi wapatwao ni wanawake, lakini wanaume nao hawakusamehewa, wala si kila mgonjwa ana rovu.

Mwaka 1891, huko Newcastle, Uingereza, daktari George Murray alimdunga mama mmoja wa miaka 46 maji yaliyotolewa katika tezi za kondoo. Katika miezi michache uvimbe ulipungua, usemi ukawa mwepesi na kumbukumbu zikarudi. Mama huyo aliendelea na dawa hiyo hadi alipofariki mwaka 1919, akiwa na miaka 74, na tezi zilizotumika kwa ajili yake zilitoka kwa kondoo zaidi ya 870! Siku hizi kidonge kidogo cha levothairoksini kinatosha.

Basi mgonjwa ataona nafuu lini? Hapa ndipo wengi wanapokosea. Dawa hii huingia mwilini polepole na kutoka polepole. Nusu yake huchukua kama wiki moja kutoweka. Kwa hiyo kiasi chake katika damu hakitulii mpaka wiki tano au sita zipite. Hata hivyo wengine huona dalili njema katika wiki mbili tu za kwanza: mkojo huongezeka na uso ukanywea, choo kikalainika, baridi ikapungua. Uchovu huondoka kwa kusuasua. Ngozi na nywele ndizo za mwisho, nazo hutaka miezi. Na nywele zikiendelea kudondoka mwanzoni, mama asikate tamaa.

Nafuu hiyo ya mapema ina mtego wake. Mtu akijiona mzima huacha vidonge, na kwa kuwa akiba iliyomo mwilini haimaliziki mara moja, hujisikia vema siku kadhaa na kudhani amepona. Ugonjwa hurudi kwa kunyata, naye akasingizia malaria au uchawi. Mwingine, kwa haraka ya kupona, huongeza vidonge bila kuuliza. Huyo moyo utamwenda mbio, mikono itatetemeka na usingizi utamkimbia. Wazee na wenye ugonjwa wa moyo huanzishiwa kiasi kidogo, mikrogramu 25 au pungufu, na wakisikia maumivu ya kifua waende hospitali siku hiyo hiyo.

Kidonge humezwa kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai. Vidonge vya kuongeza damu, vya chokaa na vya kiungulia vikae mbali nacho kwa saa nne, maana huizuia dawa isiingie mwilini. Mwenye mimba amwarifu daktari mapema kabisa: kwa kawaida huhitaji kuongezewa dawa, kwa kuwa katika miezi ya kwanza ubongo wa mtoto hutegemea homoni za mama yake.

Damu hupimwa tena baada ya wiki sita hadi nane, na hapo ndipo daktari huamua kama kiasi kibadilishwe. Amri ya uhamisho ikija katikati ya muda huo, kadi iandikwe kiasi cha dawa na majibu ya kipimo cha mwisho, na vidonge visafiri katika mkoba wa mama mwenyewe, si ndani ya sanduku linaloachwa juu ya lori juani.