Lubumbashi kwa Miguu: Vuka Mpaka Usio na Forodha

Dereva wa lori aliyetoka Dar es Salaam akifika Kasumbalesa, kazi yake kubwa huwa kusubiri. Shaba na kobalti zinatoka, saruji, mafuta na unga vinaingia, na karatasi zina mwendo wake. Lubumbashi iko mbele kilometa 90 hivi. Wengi wanaofika huko huuona mji kupitia kioo cha gari: ghala, stakabadhi, kisha safari ya kurudi. Makala haya ni ya yule aliyepata asubuhi moja ya bure. Kiongozi wa watalii hamhitaji. Ajue tu aangalie nini.

Tuanze na ramani. Wabelgiji waliupima mji huu mwaka 1910 na kuuita Élisabethville, kwa jina la malkia wao. Emile Wangermée, aliyesimamia kazi hiyo, alifuata mfano wa Bulawayo: barabara pana zilizonyooka, zikikatana kama mistari ya daftari la hesabu. Ndiyo maana mgeni hapotei. Akikosea barabara moja, inayofuata itamrudisha.

Anzia stesheni ya reli. Reli ndiyo iliyoufanya mji uwezekane, nayo ilitoka kusini, Rhodesia, ikaingilia Sakania, eneo lile lile la mpakani ilipo Kasumbalesa, na kufika hapa mwaka 1910. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilikuwa imeundwa mwaka 1906, na mwaka 1911 tanuru lake la Lubumbashi likatoa shaba ya kwanza. Kwa miaka mingi makaa ya mawe, unga na hata wafanyakazi vilitoka upande wa kusini. Kwa hiyo anayekuja leo kutoka Kasumbalesa anaingia mjini kwa upande ambao mji wenyewe ulizaliwa ukiutazama. Kinshasa ilikuwa mbali, na bado iko mbali.

Kutoka stesheni ulizia Place de la Poste, kila mtu anaijua. Hapo imesimama sanamu ya Moïse Tshombe, aliyetangaza tarehe 11 Julai 1960 kwamba Katanga imejitenga na Kongo. Utengano huo ulikwisha Januari 1963, baada ya majeshi ya Umoja wa Mataifa kuingia. Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, aliuawa karibu na mji huu huu tarehe 17 Januari 1961, na mahali pake pa kumbukumbu, Shilatembo, pako nje kabisa, kwenye njia ya Likasi. Mmoja amewekwa katikati ya mji, mwingine porini. Uulizapo sababu, uliza kwa upole, maana hadithi hii ina wenyewe kila upande.

Kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo ni la matofali, la mwanzoni mwa miaka ya 1920. Simama karibu na ukuta utazame jinsi matofali yalivyopangwa, kisha rudi nyuma hadi uone jengo zima: ni kanisa la Ulaya ya kaskazini lililohamishiwa kwenye udongo mwekundu. Mkuu wa misheni wakati huo alikuwa Mbenediktini, Jean-Félix de Hemptinne. Mkumbuke, tutakutana naye tena.

Sinagogi, iliyochorwa na Raymond Cloquet na kujengwa karibu mwaka 1930, huwashangaza wengi. Wayahudi wa Katanga walitoka hasa kisiwa cha Rhodes, wakaja kufanya biashara. Mwaka 1944 Wanazi waliwakamata Wayahudi waliobaki Rhodes na kuwapeleka Auschwitz. Waliokuwa wamehamia huku na kufungua maduka waliokoka.

Sasa nenda kwenye jengo la zamani la ukumbi wa maonyesho, liitwalo leo Bâtiment du 30 Juin, kazi ya msanifu Claude Strebelle katika miaka ya 1950. Strebelle huyo huyo alichora pia jumba la makumbusho ya taifa ya Lubumbashi. Ukiwa na fedha ya kiingilio kimoja tu siku hiyo, itumie hapo.

Ndani utafute misalaba ya shaba, yenye umbo la herufi X. Ilikuwa fedha na mahari kabla hajaja Mzungu yeyote. Mafundi waliokota malakaiti, jiwe la kijani, wakati wa kiangazi. Walijenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakapanga makaa na mawe, wakavukuta kwa mivukuto ya ngozi. Shaba ilipoyeyuka, ilimiminwa kwenye kalibu. Mafundi hao walijulikana kama walaji shaba, na mwaka 1926 de Hemptinne, yule wa kanisa kuu, aliandika makala juu yao. Katanga ya Tshombe ilipopata bendera yake, misalaba mitatu ya aina hiyo iliwekwa juu yake. Ukiushika moyoni msalaba mmoja, utaelewa kwamba kampuni haikugundua shaba ya Katanga. Iliikuta ina mabwana.

Hapa ndipo ziara nyingi huishia. Hapa ndipo yako inapaswa kuanza.

Geuka kusini uelekee Kamalondo. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 serikali ya kikoloni iliwahamishia Waafrika kwenye mtaa wao, Cité Albert, ndiyo Kamalondo ya leo. Kati yao na mji wa Wazungu iliachwa ardhi tupu, upana wa mita 700 hivi, ikaitwa zone neutre, eneo lisilo la upande wowote. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya kiafya: eti mbu aliyemuuma Mwafrika hawezi kuruka mbali hivyo kumfikia Mzungu. Lakini boi, mpishi na yaya walilivuka kila alfajiri, wakapika, wakafua, wakalea watoto wa Wazungu, na usiku hawakuruhusiwa kuwa mjini bila kibali. Mbu hakuwazuia mchana.

Sehemu za ardhi hiyo zimejengwa baadaye, na hakuna kibao kinachokuambia umeingia. Tembea uhesabu hatua. Nyumba za mjini zimekaa kwenye viwanja vipana, kila moja na bustani. Ukifika Kamalondo viwanja vinabana, milango inatazamana, na sauti zinakuwa nyingi. Umevuka mpaka, na hakuna aliyekuomba pasipoti.

Kamalondo ndiko uliko uwanja wa TP Mazembe, uliofunguliwa mwaka 2011. Timu yenyewe ilianzishwa na Wabenediktini mwaka 1939, ikawa bingwa wa Afrika mara tano. Mpira una kumbukumbu nyingine pia: tarehe 9 Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waliogoma kudai mishahara walikusanyika kwenye uwanja wa mpira, na askari wakawafyatulia risasi. Kiongozi wao, Léonard Mpoyi, aliuawa hapo.

Kutoka Kamalondo unaweza kuona bomba refu la moshi la tanuru la Union Minière na kilima cheusi cha mabaki yake. Tanuru lilitaifishwa mwaka 1967, na baadaye likawa la kampuni ya serikali, Gécamines. Kilima si takataka: kina kobalti, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kimekuwa kikichimbwa upya.

Mambo machache ya njia. Usipige picha ya askari, mpaka, wala jengo la serikali bila ruhusa. Beba kitambulisho na faranga ndogo ndogo. Mvua kubwa ni Novemba hadi Machi. Septemba na Oktoba jakaranda huchanua, na jua la saa saba huchoma, hivyo anza saa moja asubuhi.

Na kama unataka kusoma kabla ya kwenda, kuna historia ya mji huu iliyoandikwa kwa Kiswahili cha Katanga mwaka 1965 na André Yav, kwa niaba ya chama cha waliokuwa wakitumika majumbani kwa Wazungu. Inaitwa Vocabulaire de ville de Elisabethville, nayo inatazama mji kutoka upande wa wale waliovuka ile ardhi tupu kila siku. Ukibanwa na muda, acha sinagogi, acha hata kanisa kuu. Usiache kuvuka kwenda Kamalondo, na usivuke kwa pikipiki.