Kusomea Kazi ya Mjengo: Cheti Gani, Wapi, na cha Nini

Kila asubuhi kule Mlolongo, Syokimau na Athi River, vijana husimama kwenye malango ya saiti wakingoja kuchaguliwa. Wengi kazi wanaijua. Wanachokosa ni karatasi. Sheria ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi (NCA) ya 2011 inataka mafundi stadi na wasimamizi wa saiti wawe wameidhinishwa na mamlaka hiyo. Asiye na cheti hubaki mtu wa mkono, hata kama ndiye anayemsahihisha fundi.

Njia ya kwanza ya kupata cheti ni chuoni. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, ilizikabidhi kaunti politekniki za vijijini, ambazo leo huitwa vyuo vya mafunzo ya ufundi. Huko husomeshwa kazi kama uashi, useremala, ufundi wa mabomba, umeme na kuchomelea vyuma. Usiogope gredi. Stashahada huhitaji C- katika KCSE na kiwango cha cheti D, lakini viwango vya chini vya ufundi humpokea hata aliyepata E.

Je, chuo kinafunza nini ambacho saiti haifunzi? Saitini unaambiwa fanya. Chuoni unaelezwa kwa nini. Chukua kona ya msingi. Pima mita 3 upande mmoja na mita 4 upande wa pili. Umbali kati ya ncha hizo mbili ukiwa mita 5 kamili, kona imenyooka. Au konkriti: kipimo cha kawaida ni saruji 1, mchanga 2, kokoto 4. Maji yakizidi inamwagika kwa urahisi, ila inakuwa dhaifu. Ikishamwagwa, imwagiliwe maji angalau siku 7, na nguvu yake hupimwa siku ya 28. Wajenzi wengi hawana subira hiyo.

Halafu kuna ule udongo mweusi wa Athi River unaonata viatuni. Mvua ikinyesha huvimba, kiangazi hunywea na kufanya nyufa. Msingi uliowekwa juu yake bila kuuondoa hupasua ukuta, na mwenye nyumba humlaumu fundi. Mara nyingi ana haki.

Njia ya pili ni ya aliyejifunzia kazini. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani (NITA) hutahini mafundi kwa Gredi III, kisha II, kisha I. Huko unaonyesha kazi yako kwa mikono. Fundi aliyeshika mwiko miaka kumi hana haja ya kuanza upya darasani.

Wa umeme wajue kwamba cheti cha chuo pekee hakitoshi: kuweka nyaya za umeme kwenye majengo huhitaji leseni ya EPRA.

Kabla ya kulipa karo popote, uliza mambo mawili: je, chuo kimesajiliwa na TVETA, na ni nani atakayetahini na kutoa cheti? Ukijibiwa kwa kuzungushwa, rudi na pesa zako. Unapokwenda kujiandikisha, beba kitambulisho au cheti cha kuzaliwa, pamoja na matokeo yako ya shule kama unayo. Wasichana nao wanakaribishwa katika kozi hizi zote, uashi ukiwemo.