Mgonjwa Wetu wa Makwale na Chakula cha Kwao

Ndugu Wanachama,

Kila toleo la gazeti letu huwaletea khabari za bei, za miche na za majamvi ya kuanikia. Safari hii twaomba ruhusa yenu tuseme juu ya chungu na sahani, kwa kuwa liko jambo limetupata katika Chama, nalo limetufunza. Tena mwishoni tutaomba kura zenu.

Msimu uliopita mwenzetu mmoja, mchumaji hodari ambaye wengi wenu mwamjua, alianguka kutoka juu ya mkarafuu akavunjika nyonga. Hapana haja ya kuwaeleza nyinyi jinsi tawi la mkarafuu livunjikavyo bila ya kuaga. Mzee huyu ni mzaliwa wa Makwale, wilaya ya Kyela, kule kaskazini ya Ziwa Nyasa. Alivuka bahari mwaka 1983 akija kuchuma kwa msimu mmoja tu, akaoa kwetu, akapata watoto, akawa wetu. Jina lake hatulitaji kwa kuwa mwenyewe ametuomba hivyo.

Hospitali walimtibu vyema, akarudishwa nyumbani kulala. Mfupa ulianza kuunga, lakini kula hakutaka. Binti yake alimpikia uji wa mtama, akampikia supu ya pweza, akampikia muhogo wa nazi na samaki wa kupaka. Kila sahani aliionja kwa adabu, kisha akairudisha. Tabibu akamwambia binti maneno mazito: mtu asiyekula hapati nguvu ya kusimama, na mzee asiyesimama hupata vidonda vya mgongoni na homa ya mapafu, na wengi hufa kwa hayo na wala si kwa mfupa.

Sisi na wajumbe wawili wa Kamati tulikwenda kumtazama, kwani tulifundishwa tangu chuoni kwamba kuzuriwa ni haki ya mgonjwa juu ya wenziwe. Tukamwuliza, "Mzee, wahitaji nini?" Akatutazama kitambo, akajibu, "Bwana Katibu, mimi nataka mbalaga na usipa. Na wali wa kwetu, usiotiwa nazi."

Tulidhani anafanya mzaha, tukacheka kidogo, tukamwombea afya, tukaaga. Tuliporudi ofisini tuliandika katika daftari la wagonjwa: "Ametazamwa. Hakuomba kitu." Maneno hayo yako mpaka leo kwa mkono wetu wenyewe, na hatutayafuta, ili yatukumbushe.

Siku ya tisa binti yake alikuja ofisini. Hakupandisha sauti. Alisema tu, "Bwana Katibu, baba aliomba kitu." Tuliona haya kubwa.

Tukaitisha Kamati. Hapo pakawa na mabishano, nayo yaliletwa na sisi, maana Katibu ndiye mlinzi wa kanuni. Tulisema kwamba Sanduku la Wagonjwa, kwa kanuni zetu, hutoa fedha za dawa, za nauli na za sanda. Kununua mchele na samaki hakumo. Mjumbe mmoja mkongwe, ambaye kwa kawaida hulala mikutanoni, akafumbua macho akasema, "Kama kanuni yaturuhusu kumnunulia sanda, na haituruhusu kumnunulia wali, basi tungoje kidogo tu, tutamfaa."

Pakawa kimya. Kisha kila mmoja akatia mkono mfukoni, fedha ikapatikana bila ya kugusa Sanduku.

Sasa ilitubidi tujue tunachokinunua. Wengi wetu tuliijua Kyela kwa jina la mchele wake tu, kwani madukani kwetu huuzwa kwa bei ya juu. Binti yake alitueleza aliyoyasikia kwa baba yake, na mengine tukauliza kwa watu waliofika huko.

Kyela ni bonde lililo baina ya milima na ziwa. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo yashuka kutoka juu ikileta maji na udongo wa rutuba, na mvua ya huko kwa mwaka hupita milimita 2,000. Sehemu chache sana za Tanzania zapata mvua kama hiyo. Kwa hivyo mpunga hustawi bondeni, na migomba huzunguka nyumba kama mikarafuu izungukavyo zetu. Wenyeji ni Wanyakyusa, watu wa ng'ombe, maziwa na ndizi. Siku hizi walima kakao pia, na mbegu zake huvundikwa kisha huanikwa juani na kugeuzwa-geuzwa, kazi ambayo mkulima wa karafuu akiiona hataulizia maana yake. Wanayo na michikichi, na mafuta yake ya mawese hutiwa katika mboga.

Mbalaga, basi, ni ndizi mbichi zilizomenywa na kupikwa, pamoja na maharage au nyama, au kwa samaki, kama nyumba ilivyojaliwa. Usipa ni samaki wadogo wa Ziwa Nyasa, mfano wa dagaa wetu. Huvuliwa usiku kwa taa, na asubuhi huanikwa. Yuko na samaki mkubwa waitwaye mbasa, ambaye hupanda mitoni kutaga mayai. Na vyungu vya kupikia, vile vinavyosifiwa, hufinyangwa na wanawake wa Kikisi wa Ikombe, karibu na Matema, chini ya Milima ya Livingstone, na huchukuliwa kwa mitumbwi hata kwenye masoko.

Jambo la kwanza tulilofanya lilikuwa jepesi: tulikwenda dukani tukanunua kilo mbili za mchele ulioandikwa "Kyela" kwa kalamu nyekundu. Binti akaupika bila ya nazi, kama baba alivyotaka. Mzee hakuhitaji hata kuonja. Sufuria ilipofunuliwa alinusa, akageuza uso ukutani. "Huu si wa kwetu," akasema. "Wa kwetu ukiwa jikoni, jirani hujua."

Hapa, Ndugu Wanachama, twaomba msimame kidogo pamoja nasi. Mchele wa Kyela hunukia wenyewe, ndio sifa yake, na kwa sababu ya sifa hiyo wako wafanya biashara wanaouchanganya na mchele wa kwingine, kisha wauita wote kwa jina moja. Mkulima wa Makwale hapati kitu kwa uwongo ule, ila jina lake huharibika. Je, na sisi hatuwajui watu wanaotia makonyo ndani ya karafuu, au wanaouza mpeta ulioanikwa nusu ili uzidi uzito? Tulipouona uso wa mzee yule umegeukia ukutani, tulimfahamu mnunuzi wa mbali afunguaye gunia la karafuu lenye jina la kisiwa chetu, akanusa, akalifunga.

Basi tukapeleka fedha Makwale kwa ndugu zake. Wao wakafunga mchele, usipa wakavu na mkungu mmoja wa ndizi mbichi. Mzigo ukapanda basi kutoka Kyela, ukapita Mbeya na Iringa na Morogoro, safari ya zaidi ya kilomita 900 mpaka Dar es Salaam. Kisha ukaingia chomboni kuja Unguja, kisha Pemba. Ulipofika tuliufungua mbele ya mzee. Mchele salama. Usipa salama, na paka wote wa mtaa walikuwa mlangoni kushuhudia. Lakini ndizi zilikuwa zimeiva njiani, manjano kama embe. Mzee alicheka kwa mara ya kwanza tangu aanguke. "Hizo wapeni watoto," akasema. "Ndizi mbichi hapa hamna?"

Kumbe tulikuwa nazo nyuma ya nyumba. Wanawake wa jirani wakaja kusaidia, na mzee akasimamia upishi kutoka kitandani, mlango umeachwa wazi. Mke wa mwanachama mmoja alikwishaanza kukuna nazi kwa mazoea, mzee akasikia mkwaruzo wa mbuzi akapiga kelele, "Tui hapana!" Mama yule akaweka nazi chini, akinung'unika kwamba ndizi bila ya tui ni kama harusi bila ya ngoma. Maharage yakachemshwa kwanza hata yakalainika, ndizi zikatiwa juu yake na chumvi, moto ukapunguzwa, chungu kikafunikwa. Usipa wakaoshwa, wakakaangwa pamoja na vitunguu na nyanya. Mchele ukapikwa kwa maji na chumvi tu, nao ukanukia hata njiani.

Chakula kilipowekwa mbele yake, tulitegemea ataanza kula. Hakuanza. Akatazama sahani moja ile, akauliza, "Na nyinyi mtakula nini?"

Hapo ndipo tulipofahamu. Kwa majuma mengi mtu huyu alikuwa akiletewa sinia peke yake chumbani, kwa heshima ya ugonjwa, na sisi tukidhani tatizo ni mapishi tu. Katika desturi ya zamani ya Wanyakyusa, vijana wa rika moja walijenga kijiji chao wenyewe tangu wangali wavulana. Kula walirudi kwa mama zao, lakini walikwenda kwa kundi: leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Mtaalamu Monica Wilson, aliyeishi kwao pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, aliyaeleza mambo haya katika kitabu alichokitoa mwaka 1951, na jina alilokipa maana yake ni wenzi wema. Vijiji vya namna hiyo vimekwisha zamani, lakini baba yake mzee wetu alilelewa hivyo, na mtoto aliyelelewa na baba yule hakuona kwamba kula peke yake ni kula.

Tukavuta jamvi. Tukanawa, tukaketi watu saba, wajumbe na majirani, tukala pamoja naye. Mama yule mwenye nazi alionja, akasema si vibaya. Mzee alikula sahani nzima, akaomba tena kidogo. Kisha akasema kwa lugha ya kwao, "Ndaga fijo," yaani asanteni sana.

Hatutaki kuwadanganya kwamba sahani moja iliponyesha nyonga. Ilichukua miezi. Lakini tangu siku ile alikula, na majirani wakapeana zamu ya kula naye, hata siku za muhogo wa nazi. Wali wa Makwale ulipokwisha alikula wa dukani bila ya kugeuza uso, maadamu wako watu kwenye jamvi. Sasa atembea kwa mkongojo mpaka barazani, na tumemwona kwenye banda la karafuu akichambua makonyo na kuwagombeza vijana. Alhamdulillahi.

Pengine yuko msomaji atakayesema kwamba kutamani chakula cha kwao ni deko. Na awaulize jamaa zetu walioko Oman, waliokwenda baada ya mwaka 1964 na wale waliokwenda baada ya mwaka 1970. Maskati kuna kila neema, na bado watu wale wapika mandazi na maharage ya nazi, na mishkaki imekuwa chakula cha njiani huko kama ilivyo kwetu. Tena na awaulize wazee wa nyumba yake juu ya vita vikuu vya pili. Kisiwa chetu kilizoea kupanda karafuu na kununua mchele wa nje. Wajapani walipoiteka Burma mwaka 1942 mchele ule ukakatika, watu wakala muhogo na mtama. Tumbo lilishiba, lakini wazee waliotuhadithia hawakuacha kuutaja wali. Nasi hatukuwaita wadekaji.

Kwa hivyo tunayo maombi mawili.

La kwanza ni kwa kila mwanachama mwenye wachumaji kutoka bara au kisiwa cha pili. Waulizeni wala nini kwao, na msiwapelekee sinia uani. Kama kuna jamvi, liwe moja.

La pili ni la kanuni. Katika Mkutano Mkuu ujao tutaleta pendekezo kwamba katika kifungu cha Sanduku la Wagonjwa, baada ya neno "dawa" liongezwe neno "chakula". Ni neno moja tu, lakini sisi tuliowahi kuandika "Hakuomba kitu" twajua thamani yake. Njooni kwa wingi mlipigie kura. Mzee wetu ameahidi, inshallah, kufika kwa miguu yake, na mama yule wa nazi ameahidi kupika mbalaga ya wajumbe wote, ingawa asema safari hii tui litakuwamo.

Wasalaam,
Katibu wenu.