Mshahara wa chini: Likoni ni mwingine, Ng'ombeni ni mwingine

Wadau, uzi mfupi. Kila Mei Mosi ni yale yale: huyu apiga kifua kwa asilimia aliyoongeza, yule alia kwamba matajiri watafunga biashara. Mimi nakaa Likoni, na naona wote wawili waruka jambo lililo mlangoni kwetu.

Tuanze na hesabu. Nyongeza ya asilimia 6 iliyotangazwa Mei 2024 ilianza Novemba 1. Mfanyakazi wa kawaida Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru akatoka 15,201.65 kwa mwezi akafika 16,113.75. Nyumba haimo humo. Kama tajiri hakupi pa kulala, aongeze asilimia 15, ifike kama 18,530.

Na kundi hilo si watu wa viwandani tu. Amri yataja mfagiaji, mtunza bustani, yaya, mfanyakazi wa nyumbani. Naam, yule dada anayekupikia. Wangapi mtaani kwetu wamlipa hivyo? Haya, tuendelee.

Sasa panda matatu pale feri, pita Shika Adabu, shuka Ng'ombeni. Umeingia Kwale, na kisheria uko kwenye "maeneo mengine yote". Kazi ni ile ile, unga ni bei ile ile, lakini kiwango ni kama 8,600. Karibu nusu! Amri bado yagawanya nchi kwa manispaa za zamani, ambazo zilikwisha 2013 kaunti zilipoingia.

Lakini tajiri naye tumhesabie kwa haki. Juu ya ile 18,530 ana sehemu yake ya NSSF, asilimia 6, na ushuru wa nyumba asilimia 1.5. Yafika karibu 20,000 kwa mtu mmoja. Hoteli ya chai yenye wahudumu wawili yataka 40,000 kila mwezi, kabla ya kodi, makaa na unga. Kuna hoteli haziwezi, na kusema hivyo si kumtetea mnyonyaji.

Hufanya nini basi? Mara nyingi hafukuzi mtu, anambadilisha jina. Mwajiriwa anakuwa kibarua wa siku. Sheria ya Ajira ya 2007 yasema kibarua akifanya kazi siku zinazofika mwezi, ahesabiwe wa mwezi. Ndiyo maana unaambiwa "pumzika kidogo" mwezi ukikaribia kuisha, kisha unaitwa upya. Na Kenya, ukiacha mashamba madogo, zaidi ya asilimia 80 ya ajira ni jua kali. Huko nyongeza husikika redioni tu.

Wanaosema nyongeza lazima iue kazi waangalie Marekani, Aprili 1992. New Jersey walipandisha kiwango kutoka dola 4.25 kwa saa hadi 5.05, jirani zao Pennsylvania wakakaa vile vile. Card na Krueger wakalinganisha migahawa zaidi ya 400 pande zote mbili, wasione kazi zikipungua New Jersey. Wasomi wengine wakawapinga, na ubishi ungaliko. Lakini kule mkaguzi akija, mfanyakazi yumo kwenye daftari. Hapa kwetu wengi hawamo.

Kwa hivyo mgombea akija uwanjani na asilimia zake, mimi nitamuuliza mawili. Maafisa wa kazi wangapi watakaokagua Likoni? Na huyu mama anayefagia Ng'ombeni, kwa nini jasho lake ni nusu ya la dadake wa Shika Adabu?